Kifuniko cha Pipa la Figili

Kifuniko cha pipa langu la kuchachushia figili kwa chumvi hakijawahi kukaa sawa. Ukikibonyeza huku, kinanyanyuka kule. Miaka thelathini na moja nimekilaani kila majira ya baridi, na aliyekileta, mume wangu Tamotsu, alikuwa akicheka tu na kuniambia niongeze jiwe.

Tamotsu alikuwa fundi bodi kwenye kiwanda cha magari hapa Hamamatsu. Hakuwa wa mashine, alikuwa wa nyundo. Magari ya majaribio, yale yanayoundwa moja moja tu ili wakubwa waje kuyazunguka na kuguna, yalifinyangwa kwa mkono. Alivaa glovu nyeupe za pamba, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati polepole akitafuta palipovimba. Macho hakuyaamini hata kidogo. Na hata nyumbani mkono wake haukutulia. Niko zangu naosha vyombo, mara nahisi kiganja begani.

"Wewe, nina mapovu mpaka kwenye viwiko. Unatafuta nini?"

"Tulia kidogo. Hapa panashuka vizuri."

"Kanunue sanamu ukapapase!"

Mwaka mmoja kiwandani walikuwa na kazi ya siri, na walikatazwa kuisema hata kwa wake zao. Tamotsu alinipa nusu nusu. Gari la michezo, viti viwili, fupi kiasi kwamba dereva karibu akae barabarani. Madigadi ya mbele kushoto, lile bati lililopinda juu ya gurudumu, ilikuwa yake peke yake, hakuna mwingine aliyeigusa.

"Likitoka utaliona," aliniambia. "Wala huna haja ya kuambiwa ipi ni yangu. Utaijua."

Nilijifanya sijali. Kusema kweli, nililitamani gari lile kuliko kimono cha mwaka mpya. Mwanaume yule hakuwahi kujisifu kwa lolote tangu nimjue, na hapa alikuwa anajisifu.

Halafu ikaja 1973, mafuta yakapanda bei. Nani angenunua gari la viti viwili linalokunywa mafuta vile? Wakubwa wakaufuta mradi. Gari lilikuwa moja tu, nalo likaamriwa lipondwe lisije likaonwa na washindani. Tamotsu alirudi siku hiyo akaketi bila kuvua koti.

"Ijumaa linapelekwa," alisema.

"Basi sitaliona?"

"Familia haziruhusiwi kuingia." Akanywa chai yake yote bila kuniangalia.

Ijumaa asubuhi akasahau chakula chake. Miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kukisahau. Kisanduku kilikuwa mezani, kimefungwa kitambaa, na mimi nakitazama kwa hasira. Saa nne akapiga simu kutoka kiwandani.

"Niletee getini saa sita kamili. Uje wewe mwenyewe, Fusae."

"Nani mwingine aje, paka?"

Nilikuwa navaa viatu jirani yangu, mama Nagura, alipotokea anahema. Wiki ile mji mzima ulikuwa umepata wazimu. Ilisemekana mafuta yakiisha, karatasi za chooni nazo zitaisha.

"Fusae! Duka limeshusha karatasi! Foleni imefika posta!"

"Napeleka chakula cha Tamotsu."

"Mpe mzee wangu, anapita huko na baiskeli. Au ukiishiwa karatasi utakuja kubisha kwangu?"

Nikampa mzee Nagura kisanduku. Nilisimama foleni kwa muda wa saa tatu, nikakanyagwa vidole na bibi wa miaka themanini, nikarudi na pakiti mbili kifua mbele. Tamotsu alipofika nikamwonyesha. Alizitazama kwa muda.

"Umefanya vizuri," akasema, akaenda kuoga.

Wiki iliyofuata alileta kile kifuniko cha bati. Nikamuuliza mbona kimebenuka, akasema niongeze jiwe.

Amefariki majira haya ya vuli. Tulipomsomea siku ya arobaini na tisa, kwa desturi yetu ya Kibudha, alikuja Kuramochi, mwenzake wa nyundo. Nilikwenda jikoni kumkatia figili, akanifuata kuchukua birika, akasimama ghafla mbele ya pipa.

"Shemeji, hiki umekipata wapi?"

"Kifuniko? Alikileta marehemu. Hakifai kitu, kinayumba."

"Hii ni madigadi ya kushoto. Kipande cha kwanza alichojaribia. Sisi tulijua vyote vimepondwa." Akakigusa pembeni, pale chumvi ilipokila mpaka kikatoboka. "Na siku ile, shemeji, mbona hukuja?"

"Siku gani?"

"Tamotsu alimwomba dereva wa lori asilifunike gari mpaka lipite geti. Saa sita. Tulikuwa tumesimama wote, hata msimamizi alijifanya haoni. Akatokea mzee na baiskeli."

Nililia mbele ya mgeni, na sioni haya kusema hivyo. Kisha nikacheka, maana gari lile halikubakiza kipande kingine duniani, na hicho kimoja mimi nilikiacha kiliwe na chumvi miaka thelathini na moja.

Kuramochi akasema kampuni ingekiweka kwenye kabati la kioo.

"Wao wana figili?" nikamuuliza.

Wageni walipoondoka nikakiosha kile kifuniko, nikakipangusa kwa kitambaa kikavu. Glovu zake zilikuwa bado kwenye droo. Nikazivaa, zikanipwaya, nikafumba macho kama nilivyomwona akifanya. Kiganja kikapanda taratibu, kikazunguka, kikaanza kushuka. Hapo nikapajua, wala sikuhitaji kuambiwa. Lilikuwa bega langu.

Nikasimama pale jikoni mpaka maji ya chai yakakauka kwenye birika. Kisha nikakirudisha juu ya pipa, na jiwe lake.