Ekstensheni Mbili za Jasper Obwocha

Baba yangu, Jasper Obwocha, alikuwa fundi wa simu, na hakujua kuzungumza. Nusu ya Nyamira iliongea kupitia nyaya alizovuta yeye: ofisi za wilaya, maduka, nyumba ya padri, hata baa mbili ambazo hakuwahi kunywa ndani yake. Yeye mwenyewe ukimpa simu alisema neno moja la kazi na kukata. Mama yetu, Eucabeth, alikuwa akisema kwamba hata posa aliileta hivyo hivyo, akasimama mlangoni kwao, akajitaja jina, akangoja.

Miaka ile ya tisini namkumbuka na ovaroli yake ya kijani iliyopauka magotini, na penseli nyuma ya sikio ambayo sikuwahi kumwona akiandikia kitu. Alinuka risasi ya kulehemu na sabuni ya kufulia. Siku hizi nikipita kibanda cha fundi wa redio nikaipata harufu hiyo, nasimama hapo kama mtu anayengoja chenji. Nampenda bado, na sioni haya kusema.

Alipostaafu aliendelea na kazi kwa mkono wake, pamoja na kaka yangu Andrew. Hao walifaana sana. Andrew aliongea kwa niaba ya wote wawili; aliwatania wateja, akaimba juu ya nguzo, akarudi nyumbani na hadithi za kila nyumba waliyoingia. Baba alikula ugali wake akisikiliza, na ungemwona anafurahi ingawa uso haukubadilika.

Mwezi wa tatu mwaka 1997, mvua iliangusha nyaya kwenye njia ya Magwagwa. Walifika kwenye nguzo moja, baba akaikagua, akamwambia Andrew, "Ni nzima. Panda." Ilikatika chini kabisa, pale inapoingia udongoni, mahali jicho lisipofika. Andrew aliishi. Miguu yake haikuamka tena.

Alikaa hospitalini miezi mitano, kisha akarudishwa kwenye nyumba yake karibu na lango letu, yeye na mkewe Joyline aliyekuwa mwalimu. Aliongea na Joyline kidogo, na mama kidogo, na mimi akitaka maji. Kwa baba hakusema hata neno moja. Alikuwa na kiti cha magurudumu na tungeweza kumsukuma mpaka nyumba kubwa wakati wowote, lakini alikataa kutoka mlangoni mwake. Naye baba hakuweza kuingia. Kwetu baba mzazi haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Huo si ugomvi wala si kiburi, ni chinsoni, zile sheria za heshima baina ya mzazi na mtoto, na baba alizishika kama alivyoshika mkanda wake wa kupandia.

Kwa hiyo watu wawili waliokula pamoja kila siku ya Mungu walikaa hatua thelathini mmoja kutoka kwa mwingine, bila kuonana. Kila asubuhi baba alisimama nje ya dirisha la Andrew. "Andrew, umeamkaje?" Andrew akageukia ukuta. Baba akangoja, akakohoa, akaenda zake. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na iliyobaki nikaielekeza kwa hao wazee wa zamani waliotunga sheria bila kufikiria mtu anaweza kuvunjika miguu. Mama alinikemea. "Mwenye kovu usidhani amepoa," aliniambia. Nilimjibu kwamba hapa makovu yalikuwa mawili na hakuna aliyekuwa akiyapaka hata mafuta.

Aliyeleta mabadiliko ni Jigar. Babake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na Andrew ndiye aliyezitunza simu zao kwa miaka, hata wakawa marafiki wa kutukanana. Siku moja mwaka 1998 alikuja na pikapu, akashusha kompyuta kuukuu ya ofisini na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, akaviweka mezani kwa Andrew bila kuuliza mtu.

"Hii ni modemu," alisema. "Kompyuta yangu ya Kisii itapigia hii yako simu. Tutashindana magari, wewe hapa, mimi kule. Kila Jumapili saa kumi."

Andrew alikitazama kile kisanduku kwa muda mrefu. "Nitakushinda mpaka uhame," akasema. Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Ilibidi nimpokee, maana alianza kulia.

Shida ni kwamba laini ya simu ilikuwa moja. Ilitoka barabarani, ikafika kwanza kwa Andrew, kisha ikaendelea mpaka sebuleni kwetu, na simu ikilia ililia kotekote. Jumapili ya kwanza mama aliwahi kuinua. Akasikia mlio kama wa kifaranga kilichopotea, akauliza mara tatu, "Wewe ni nani, na unalilia nini?" Jumapili ya pili mchezo ulikuwa umeshaanza, Andrew anaongoza, tunamsikia akimzomea Jigar asiyeweza kumsikia. Mama akainua simu kumpigia dada yake aliyeishi Keroka. Magari yakasimama palepale kwenye kioo. Andrew aliisukuma kibodi, akamwambia Joyline afunike vile vitu kwa kitambaa. Jumapili ya tatu kitambaa hakikutoka. Akarudi kwenye ukuta wake.

Baba aliniita nyuma ya jiko. "Drusilla, hiyo mashine ikizimika, na yeye amezimika," alisema. Hiyo kwake ilikuwa hotuba.

Kesho yake alienda Kisii na akarudi na suichibodi ndogo iliyokuwa imetupwa stoo kwa kina Jigar. Lilikuwa sanduku la kugawa simu: laini ya nje inaingia upande mmoja, ekstensheni mbili zinatoka upande mwingine. Ekstensheni ya kwanza ingekuwa ya sebuleni kwetu, ya pili ya kompyuta ya Andrew pamoja na simu yake, na ukibonyeza moja au mbili nyumba moja inaipigia nyingine. Siku za kawaida simu za nje zinakuja kwetu. Jumapili unageuza swichi, na kila simu inayotoka nje inapelekwa moja kwa moja kwenye namba mbili, mama ainue asiinue. Mwanangu ana ruta nyumbani, na juzi alikuwa akinieleza kwa majivuno jinsi anavyoiagiza ipokee mchezo kutoka nje na kuupeleka kwenye kompyuta yake peke yake. Nilimwambia babu yake alifanya hivyo kabla yeye hajazaliwa, kwa bisibisi. Hakuniamini. Watoto wa siku hizi wanadhani ulimwengu ulianza wao walipoufungua.

Sanduku lilipaswa kukaa kwa Andrew, kwa sababu laini ilifikia hapo. Kwa hiyo fundi alikuwa nje na kazi ilikuwa ndani. Andrew angeweza kuifanya kwa dakika kumi, lakini tangu aanguke hakugusa koleo wala bisibisi. "Sitaki kushika waya," ndivyo alivyosema, na hakuongeza. Joyline alikuwa shuleni. Nikabaki mimi, na mimi nilijua kufunga kamba za viatu tu.

Tulilipigilia sanduku ukutani kando ya dirisha. Baba alisimama nje, mimi ndani, tukitazamana. Sanduku lenyewe hakuliona kutoka pale; alilijua kichwani. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kitambo, ikabidi anielekeze kwa mikono.

"Waya ya nyumba kubwa, hiyo ya bluu, ifunge upande huu," alisema, akainua mkono. Nikaifunga upande ule nilioona mkono wake. "Ya kompyuta, hiyo ya kahawia, upande huu." Akainua mwingine. Nikakaza skrubu mpaka vidole vikaniuma. Andrew alikuwa kwenye kiti chake nyuma yangu, akituangalia. Nilipomaliza alipumua kwa nguvu puani, nami nikadhani ni vumbi.

Wiki hiyo hakuna aliyetupigia kutoka nje. Jumapili ilipofika, mama na Joyline walienda harambee. Nilipita kwa Andrew nikageuza swichi na kuondoa kitambaa, naye hakunizuia. Baba alikuwa sebuleni na shati safi, ameketi mbele ya simu kama anangojea kusomewa matokeo ya mtihani. Saa kumi kamili simu ililia. Yetu.

Aliinua. Hata mimi nilikisikia kile kifaranga. Baba alifumba macho.

"Zimepishana," alisema. "Nilikuonyesha mikono yangu. Sikukumbuka tunatazamana."

Mkono wake wa kulia ulikuwa kushoto kwangu. Miaka arobaini kazini, hakuwahi kumwelekeza mtu kupitia dirishani. Nilisimama niende nikarekebishe.

"Kaa," alisema.

Nilikaa. Alikata simu, akaifuta kwa kiwiko cha shati ingawa haikuwa na vumbi. Nikaelewa anachotaka kufanya, na nikaogopa pamoja naye. Tangu sanduku lifungwe angeweza kumpigia Andrew saa yoyote, na hakuthubutu. Sasa alikuwa na kosa la kazi, na kuhusu kazi alikuwa na maneno. Akabonyeza moja, namba tuliyodhani ni yetu wenyewe, na ng'ambo ya ua tukaisikia simu ya Andrew ikilia. Mara tano. Mara sita.

Kisha ikaacha kulia, na hakuna aliyesema haloo.

"Andrew," baba alisema. "Nyaya zimepishana. Kosa ni langu, si la dada yako." Akangoja. "Bisibisi iko juu ya sanduku. Toa ya bluu kwanza, uipeleke ilipo ya kahawia. Ya kahawia ije ilipokuwa bluu." Akangoja tena. "Ukiitoa ya bluu tutakatika. Mimi niko hapa."

Alibana simu sikioni. Nilihesabu mbao za dari. Kisha nikaona uso wake umebadilika.

"Amekata?" niliuliza.

"Hapana. Angekata ningesikia mlio." Alinisogezea simu sikioni, na hakukuwa na chochote, hata mvumo. "Hii imekufa kabisa. Ameshika waya."

Aliirudisha simu mahali pake, tukangoja. Nimeshangojea mambo mengi tangu hapo, watoto kuzaliwa na wagonjwa kupona, lakini sijui kama niliwahi kungoja vile. Ilipolia, baba aliinua kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nilisogea mpaka bega lake, na sauti ya kaka yangu ikanifikia wazi, ikimwita baba kwa lugha yetu.

"Tata."

"Nakusikia."

"Niliona siku ile kwamba Drusilla anakosea. Nikanyamaza."

"Sawa."

"Ile nguzo. Mimi pia niliigonga kwa nyundo kabla ya kupanda. Wewe ulikuwa unafungua ngazi, hukuona. Ilitoa sauti nzuri, Tata. Hata mimi ningesema panda."

"Mbona hukuniambia?" baba aliuliza. "Mwaka mzima, Andrew."

"Ulikuwa unaniuliza nimeamkaje tu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kuwachapa wote wawili. Baba alishika tu ile simu kwa mikono miwili.

"Toka kwa laini sasa," Andrew alisema. "Jigar atajaribu tena saa kumi na nusu, ndivyo tulivyopatana simu ikikataa."

Baba aliweka simu chini taratibu. Tulikaa pale, mimi na yeye, tukiitazama. Saa kumi na nusu ikafika, ikapita, na simu yetu haikulia. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye shati safi, wala hakuyafuta. "Inafanya kazi," aliniambia.