Mafuta ya Chapati Ndani ya Kebo

Mimi si mtu wa aibu ndogo ndogo, mnanijua. Nimebeba mawe ya ujenzi na lori miaka hii yote, nimebishana na makarao wa barabarani na makontrakta na sijawahi kuinamisha kichwa, lakini kuna boma moja kule Gatongora ambalo nikipita nje ya geti lake naangalia upande ule mwingine. Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu mkingoja kusikia kwa ndugu yangu Kimani ataongeza chumvi.

Mambo yalianzia hapa Makongeni, Ijumaa jioni. Lori langu naliita Shosho, yaani nyanya, kwa vile ni zee na halipendi kuharakishwa, na wiki hiyo pedali ya mafuta ilikuwa imekuwa ngumu, yaani unakanyaga mpaka goti linalia. Fundi wangu ni Mutua, na Mutua alikuwa ameenda matanga kwao Matuu. Nikampigia simu.

"Mama Brayo, hiyo ni kebo ya pedali imekauka," akaniambia. "Usiiguse. Nakuja Jumatatu."

Jumatatu! Na kesho yake ndiyo tulikuwa tunapeleka mahari ya Kimani kwa kina Njoki, mchumba wake, na mbuzi, blanketi na tangi la maji vyote vilikuwa vinamngoja Shosho. Isitoshe, mara ya kwanza tulichelewa, na babake Njoki, Mzee Karanja, akaturudisha bila hata chai, akisema watu wasioheshimu saa hawawezi kuheshimu binti yake. Tukiharibu tena, basi, Kimani atafute kwingine. Kijana alikuwa amekonda, jamani, mpaka suti inamning'inia.

Sasa mimi ni mtu wa kungoja fundi? Kitu kikikauka kinatiwa mafuta, hiyo haihitaji cheti. Grisi sikuwa nayo na duka la spea lilikuwa limefungwa, lakini jikoni kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, yale meupe magumu ya chapati, kwa hivyo nikayayeyusha kwa sufuria, nikayavuta na bomba la sindano (ile ya kuchanja kuku, niliiosha), nikayasukuma ndani ya kebo mpaka yakatokea upande wa pili na mengine yakamwagikia injini. Nikakanyaga pedali. Laini kabisa! Nikamwita Kimani aje akanyage pia.

"Umeona?" nikamwambia. "Mutua anajifanya daktari wa bure."

Kitu sikufikiria (na mimi hupika chapati kila Jumapili, kwa hivyo sina kisingizio) ni kwamba mafuta hayo yakipoa yanaganda. Na ilikuwa mwezi wa saba.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya manyunyu. Tuliondoka mapema, mimi na Kimani mbele kwa lori, wazee na kina mama nyuma kwa matatu ya kukodi. Pedali ilikuwa inashuka vizuri lakini kurudi inajivuta, mpaka niisaidie kwa kuiinua na kidole cha mguu. Tukipita Juja Kimani akaniuliza, "Dada, mbona inanguruma na umetoa mguu?"

"Hiyo ni nguvu," nikamjibu. "Tulia, usikunje suti."

Na tulifika mapema, hiyo lazima mniandikie kwa mazuri yangu. Geti lilikuwa limefungwa kama desturi, kina mama wa pale wako ndani wanaimba, wetu wako nje wanaimba wakiomba kufunguliwa, na Shosho katikati ananguruma kuliko wote. Sikumzima kwa sababu betri yake ilikuwa dhaifu, akizimwa ni kusukumwa, na nani atasukuma lori amevaa nguo za sherehe? Kina mama wakapandisha sauti, Shosho naye akapandisha. Halafu yale mafuta yaliyomwagikia injini yakaanza kupata moto, na harufu ya chapati ikaingia boma lote.

Shangazi yake Njoki akachungulia kwa mwanya wa geti. "Ni nyinyi mnapika? Mmekuja na chakula chenu? Kwani mliambiwa hapa kuna njaa?"

Mama yangu akanikata jicho kutoka kule kwa matatu. Nikajifanya naangalia kioo.

Mwishowe wakafungua, watu wakasimama kando nipitishe mizigo. Nikakanyaga kidogo tu, naapa, kidogo tu, na pedali ikashuka mpaka chini ikalala huko. Shosho akaruka! Kina mama wakatawanyika kwa shamba la sukuma wiki, mimi nikakanyaga breki na klachi kwa nguvu zote za babu zangu, na lori likasimama, lakini bampa ilikuwa tayari imeng'oa kamba ya hema walimokaa wenyeji. Hema likainama polepole, bila haraka yoyote, likawafunika Mzee Karanja na wazee wake wote pamoja na viti vyao.

Nikazima injini. Hapo ndipo aibu ilinipata sawasawa, maana mbuzi walikuwa wanalia nyuma yangu, na mimi huko juu naonekana na kila mtu. Nikajua nimemnyima ndugu yangu mke. Kimani alisharuka chini anainua turubai, na hakuniangalia hata mara moja.

Ndipo mlango wa nyumba ukafunguka. Njoki akatoka mbio, miguu mitupu, nywele zimesukwa upande mmoja, anapiga kelele, "Kimani! Kimani ako wapi? Ameumia?" Akamwona, akamshika mikono yote miwili na akakataa kuiachilia. Na mnajua siku hiyo bibi arusi hatakiwi kuonekana, hufichwa na wasichana wengine chini ya leso, kijana atafute wake ni yupi.

Mzee Karanja akatambaa kutoka chini ya hema, kofia imegeuka, mzima lakini amejaa vumbi. Akawaangalia wale wawili, akaniangalia mimi, akanusa hewa.

"Sasa hapa tutaficha nani?" akasema. "Inueni hema. Mtaongeza kondoo mmoja. Na huyo mama ashuke, asiguse hiyo gari tena kwangu."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lori lilisukumwa nje na wakwe zetu watarajiwa, wakiwa na suti, na mimi nikatembea nyuma yake nimebeba mkoba.

Jumatatu Mutua aliivuta ile kebo, akainusa, akaweka mpya. Siku hizi kitu kikiharibika nangoja fundi, hata arudi Krismasi, na mafuta ya chapati hayatoki jikoni. Kule Gatongora jina langu ni Mama Chapati. Juzi Kimani alikuja na kadi ya harusi, akanipa kwa mikono miwili, akakohoa. "Dada, siku hiyo utakuja na matatu, sawa?"

Nikamwambia sawa. Lakini nikamuuliza, kama si Shosho, angejuaje kwamba Njoki anaweza kumkimbilia miguu mitupu mbele ya babake? Alikuwa anatabasamu, mjinga huyu.