Jiwe la Jikoni Lililoandikwa kama Kaburi

Niliandika upuuzi juu ya jiwe la jikoni la mama yangu. Kwa chaki tu, naapa. Chaki ilikuwa mufukoni kwa sababu mwalimu wetu wa hesabu anazipoteza kila siku, na mimi naziokota mbele hazijapotea.

Jiwe lenyewe lilikuwa dale ya graniti nyeusi, bapa refu lililovuka ziwa kutoka Kigoma. Papa aliipeleka kwa fundi mumoja hapa Kalemie mwenye kukata majiwe ya makaburi. Majiwe ya jikoni anatengeneza mara moja moja. Wafu njo wateja wake wa kila siku, na hawalalamikaka. Mama aliomba kitu kimoja tu: lavabo ya kuoshea vyombo ikae chini ya dirisha, ili akiosha sahani aone ziwa. Miaka yote ameosha kwenye beseni, ameinama, akitazama ukuta wa choo cha jirani.

Siku ya kukata, kwenye karakana, Papa na fundi walitoka nje kupima lavabo tuliyokuja nayo. Mimi nikabaki na dale, inang'aa mpaka naona meno yangu. Nikaandika katikati, kwa herufi kubwa: HAPA INALALA NJAA YETU. Juu yake nikachora musalaba. Nikacheka peke yangu, nikaenda kutafuta maji ya kunywa.

Sikujua kwamba kwa huyu fundi, familia ya marehemu wanaandika wenyewe kwa chaki, ili jina lisikosewe. Halafu muzee mumoja, mufanyakazi wake mwenye kuchonga, anapita na mashine yake, anafuata chaki. Haulizi. Muntu mwenye kilio hasumbuliwi na maswali.

Niliporudi, mashine ilikuwa inalia, na muzee alikuwa amefika kwenye njaa.

"Muzee, acha! Ni muchezo!"

Akazima, akafuta vumbi kwenye miwani. "Muchezo? Musalaba nimeisha kuchonga, mwanangu. Tena umetoka muzuri."

Papa aliingia, akasoma, akanitazama. Fundi njo aliongea: "Kijana, hii si daftari. Graniti haifutwi."

"Tuigeuze," nikasema.

"Chini haijang'arishwa. Unataka mama yako apangie sahani kwenye kokoto?"

Angeweza kusema dale imeharibika, muende nayo. Badala yake alichukua metre, akapima maneno yangu, akapima lavabo, akapima tena. "Tundu la lavabo likipita hapa, linameza yote, na musalaba wake. Lakini lavabo inatoka dirishani, inakuja katikati, mbele ya ukuta."

Nikaanza kufuta chaki iliyobaki kwa mukono wa shati.

"Mama yako utamuambia wewe," Papa akasema.

Fundi akakata. Mimi nilimwaga maji juu ya msumeno usiungue, matope meusi mpaka magotini. Kipande chenye maneno kilipodondoka, muzee alikiegemeza ukutani kwa heshima zote, akanikonyeza. Nilimupenda yule muzee papo hapo.

Wanaume wane waliibeba dale wima, kama kioo cha dirisha, kwa sababu ikilazwa inavunjika kwenye tundu. Mimi nilitangulia kufungua njia, bila kumutania muntu. Jirani mumoja akaniuliza kama niko mugonjwa. Nyumbani fundi aliilaza taratibu juu ya matofali, akaweka nivo, kile kipimo cha usawa, akapenyeza vipande vya bati chini yake mpaka lile povu dogo la nivo likatulia katikati. Ndipo akapaka kole ya kuigandisha.

Mama alirudi kutoka soko, akaingia jikoni, akaangalia dirisha, akaangalia lavabo. Mbele hajafungua mudomo, nilimuambia yote: chaki, musalaba, njaa, tundu. Fundi alikatiza maneno yangu: "Mama, jiwe liko nzima, ata ufa mumoja hakuna. Na huyu mutoto wako alifanya kazi." Hakuna aliyemulazimisha kusema vile. Mpaka leo, nikimukuta barabarani, nashuka kwenye pikipiki kumusalimia.

Mama alipitisha kiganja juu ya jiwe, kutoka ukutani mpaka dirishani, pole pole. Akasimama pale dirishani, akitazama maji. Halafu akasema:

"Basi hapa nitakatia samaki wangu wa migebuka nikiona ziwa. Sahani utaosha wewe. Wewe hauna haja ya kuona kitu."