Tumba la Mama Pacha

Hospitalini walimwita Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona machela ikisukumwa polepole namna ile. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wagonjwa wodi ya wanawake na kuwafikisha chumba cha upasuaji, na aliifanya kama mtu aliyebebeshwa mayai ya mwenye nyumba. Aliogopa kona. Aliogopa lifti, mbwa, simu inayolia alfajiri, na madaktari wanaonyamaza.

"Breki, tutafika leo au tukuletee chai njiani?" sista mkuu wa wodi alimwuliza karibu kila siku.

"Sista, kisu hakina haraka."

Nje ya madirisha ya wodi kulikuwa na uzio wa hibiskasi nyekundu. Vitabu vinavyoeleza maana za maua vinalipa ua hili sifa ya uzuri usiodumu: asubuhi limefunguka, jioni limejikunja, kesho mfagiaji amelipeleka jalalani. Kwa mtazamo huo ni ua baya kuliko yote kumpelekea mgonjwa. Lakini wanawake wa wodi hawakuwa na vitabu hivyo, na maana waliyolipa waliitunga wenyewe wakiwa wamelala chali. Anayepasuliwa achumiwe tumba asubuhi na mapema, liwekwe kwenye kikombe kando ya kitanda. Likifunguka kabla hajaitwa, atatoka mzima. Habari za jioni hakuna aliyeziuliza.

Sharti lilikuwa moja tu: mchumaji asichague. Kazi hiyo akapewa Breki, kwa kuwa ndiye aliyefika wa kwanza kazini, na kwa kuwa alionekana hana akili ya kuchagua.

Kumbe alichagua. Mara ya kwanza kabisa alichuma la kijani, likabaki limefumba kama ngumi, na yule mama akapelekwa akilia mpaka machela ikatikisika. Mama alipona. Breki hakupona. Tangu hapo alitafuta tumba lililovimba, lenye ncha nyekundu iliyojisokota kama mwavuli, ambalo lingefunguka siku hiyo hata likitupwa juu ya bati. Yote yalifunguka. Wodi ikaamini, na Breki akapata kitu kipya cha kuogopa: kuulizwa.

Kisha akalazwa mkewe.

Mama Pacha alikuwa na uvimbe tumboni uliokuwa ukivuja damu. Daktari alisema hakuna kusubiri wiki nyingine, halafu akanyamaza. Jioni ya kuamkia upasuaji mawingu yalikuwa mazito. Breki alisimama mbele ya uzio, ameshaliona tumba la mkewe, bora kuliko yote aliyowahi kuchuma, akaanza kuliogopea. Mvua italiangusha. Mbuzi atalila. Mtu mwingine atalichuma. Basi akalichuma yeye, akalizungushia pamba, akalificha kwenye friji ya dawa nyuma ya chupa za insulini. Mtu akiogopa sana, chochote chenye mlango hukiona salama.

Mvua haikunyesha. Asubuhi uzio mzima ulikuwa umefunguka, mwekundu hadi kuudhi. Kwenye kikombe cha Mama Pacha tumba lilikuwa limekaza, ncha yake imepauka. Breki akalipulizia pumzi. Akalisogeza juani. Alijua kabisa kwamba ni baridi ya friji. Ila akalipulizia tena.

"Mama Pacha, zamu yako," sista akasema. "Daktari ameshanawa."

"Siendi."

"Huendi wapi?"

"Sista, una macho. Litazame."

Wodi nzima ikalitazama. Msusi, mwanamke wa kitanda cha mlangoni ambaye zamu yake ilikuwa kesho yake, akajivutia shuka hadi kidevuni.

"Mke wangu, twende," Breki akasema.

"Baba Pacha, nikifia mle ndani utawaambia nini watoto? Kwamba niliona, na bado nikaenda?"

"Asipoingia sasa anaingia mwingine," sista akasema, "na yeye..." Hakumaliza. Doa kwenye shuka ya Mama Pacha lilikuwa linatanuka.

Breki akaogopa mbele, akaogopa nyuma. Kusema ni kuwanyang'anya wanawake wote mle kitu pekee walichokuwa nacho. Kunyamaza ni kumzika mkewe.

"Nililiweka kwenye friji," akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi arudie.

"Uliweka nini?"

"Tumba. Jana jioni. Niliogopa mvua. Ni baridi tu, haina maana yoyote. Na yale mengine... yale mengine nilikuwa nachagua. Yaliyo tayari."

Bomba la sinki likadondosha tone.

"Yote?" Msusi akauliza.

"Yote, dada."

Mama Pacha akajiinua kwa viwiko. "Yaani wake za watu, usiowajua hata majina, umewachagulia yaliyoiva. Mimi wako wa ndani, ukaniweka kwenye friji."

"Mama Pacha, nisikilize..."

"Lete machela. Nikitoka humo, mimi na wewe tuna mazungumzo."

Hakuwahi kusukuma haraka namna ile. Sista ilibidi akimbie. Mlango wa chumba cha upasuaji ndio mwisho wa wasukuma machela. Ulipofungwa, Breki alibaki koridoni mikono ikiwa mbele, imeshika hewa. Akaanza kuyatunga matusi atakayotukanwa na mkewe, moja moja, na kuyatamani. Kila kiatu kilicholia sakafuni kilikuwa cha daktari anayekuja kunyamaza mbele yake.

Alasiri wakamtoa. Uso wa rangi ya majivu, midomo imepasuka, anapumua. Breki aliandamana naye hadi wodini, ameng'ang'ania nguzo ya dripu, amejiandaa kwa mazungumzo. Mama Pacha akafumbua macho, akayazungusha taratibu. Dawa ya usingizi ilikuwa imeondoka na kumbukumbu za asubuhi nzima.

"Baba Pacha. Lile tumba lilifunguka?"

Breki akaigeukia dripu. Daktari alikuwa amesema damu inaweza kurudi, kwamba bado ni mtu wa kuangaliwa. Wanawake walikuwa wanamtazama, wote, na wote walikuwa wamesikia aliyoyasema asubuhi.

"Lilifunguka, mwenzangu," Msusi akajibu kutoka mlangoni. "Kubwa hivi. Lala."

Mama Pacha akalala. Msusi akamwita Breki kwa kidole, akashusha sauti.

"Shemeji, kesho ni mimi. Uchague," akasema, akimvuta mkono wa shati. "Uchague vizuri."