Harufu ya Danzi Kwenye Ndevu

Tangu nilipoolewa kijijini humu, huku juu kwenye milima ya Krete, nyumba yangu na ya Ergina zimetenganishwa na ukuta mfupi wa mawe. Unaweza kuweka kikombe chako cha kahawa juu yake na kuendelea kuongea. Ergina amenizidi miaka ishirini. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia mbuzi walio ng'ambo ya bonde. Mafuta yake ya ndevu alianza kuyatengeneza mwaka aliofariki baba mkwe wake.

Kwetu mwanamume aliyefiwa hanyoi. Vardi, mumewe, aliziacha ndevu siku arobaini, siku arobaini zikawa mwaka, na mwisho akazizoea. Lakini ngozi iliyo chini yake ilimtesa. Iliwasha, ikabanduka magamba, mpaka shati lake jeusi la msiba likaonekana kama limemwagiwa unga.

"Watu watadhani nakukandia mikate kifuani," Ergina alimwambia. "Kaa hapo nikushughulikie."

Alichuma majani ya rozmari, kile kichaka cha harufu kali kilicho nyuma ya nyumba, na kumenya maganda ya madanzi ya mti wao, danzi lile chungu ambalo hakuna mwingine aliye nalo kijijini. Akavianika kivulini siku kumi. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Mara ya kwanza nilipojaribu kwangu nilitia majani mabichi, na baada ya wiki mbili mtungi ulikuwa umeota ukungu.

"Umepika mchuzi, mwanangu, si mafuta," alinicheka. "Maji na mafuta hayakai nyumba moja. Kausha mpaka jani livunjike ukilishika."

Vikishakauka aliviweka kwenye mtungi wa kioo pamoja na kijiti cha mdalasini, akamimina mafuta ya zeituni mpaka vikazama, akafunika kitambaa na kuuweka dirishani penye jua siku arobaini. Kila asubuhi aliutikisa. Kisha alichuja kwa kitambaa chembamba cha kuchujia jibini, akaongeza mafuta ya lozi, nusu ya yale ya zeituni, ili yasiwe mazito, akatia kwenye chupa ndogo za rangi ya kahawia. Vardi akishaosha uso, ndevu zikiwa bado na unyevu kidogo, Ergina alidondosha matone manne kiganjani, akasugua viganja, akampaka kuanzia kwenye ngozi hadi nchani. Baada ya mwezi magamba yaliisha. Vardi alipopita barabarani ulimjua kwa harufu bila kuinua kichwa.

Miaka ikapita. Halafu mafuta yakaanza kwisha upesi. Mitungi miwili ya mwaka haikutosha, ikawa mitatu, kisha minne. Ergina alifurahi. "Mume wangu anayanywa nini?" aliniuliza huku akicheka. "Uzee huu ndio ameanza kujipenda! Njoo unisaidie kutikisa." Nami nilitikisa.

Hapa sina budi kumtaja Mironi, mdogo wake Ergina. Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa anarudi kwa miguu kutoka harusini, na Haridimo, mchungaji wa kijiji cha chini, akamgonga kwa gari akiwa amelewa. Mironi alifia barabarani. Haridimo alifungwa miaka mitatu, kisha akarudi kwenye kondoo wake na kwa miaka mingi hakupanda tena huku kwetu. Siku ya mazishi Vardi aliweka mkono juu ya jeneza la shemeji yake, mbele ya watu wote, akaapa kwamba hataketi na mtu huyo wala hatavunja naye mkate. Ergina hakuhitaji kiapo. Jina lile halikutajwa nyumbani mwake.

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, alifariki mwalimu mzee aliyewafundisha watu wa vijiji vyote viwili. Kanisa lilijaa. Nilikuwa nimesimama na Ergina kwenye foleni ya kumuaga marehemu. Mbele yetu kidogo akainama mwanamume mrefu mwenye ndevu za mvi mpaka kifuani, akaibusu picha ya mtakatifu, akageuka kutoka. Alipofika usawa wetu alisita. Akamwinamishia Ergina kichwa, taratibu, kama mtu anayetoa shukrani, kisha akapita.

Ergina alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Umenusa?" alininong'oneza.

Nilikuwa nimenusa. Rozmari, danzi na mdalasini. Na mtu yule alikuwa Haridimo.

Hakulia. Alimuaga mwalimu, akambusu mjane, akatembea mpaka nyumbani. Vardi alikuwa ametangulia, yuko chini ya mzabibu anavua viatu. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta na nilisikia yote.

"Vardi, ile chupa niliyokupa Jumapili iko wapi?"

"Imevunjika. Ilinidondoka garini."

"Na ile ya kabla yake?"

"Mke wangu, tumetoka mazikoni. Nipe kahawa kwanza."

"Nimeinusa leo kanisani. Ilikuwa kwenye uso wa aliyemuua ndugu yangu."

Vardi akaweka viatu chini. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya chini, nami nikasogea. Kazi yake ilikuwa kupeleka chakula cha mifugo kwa gari katika mazizi ya bonde zima. Miaka mitano nyuma alifika zizi la Haridimo kwa sababu dereva mwenziwe aliugua. Alimkuta anajikuna mpaka damu inachuruzika ndevuni. Tangu siku ya ajali hakuwahi kunyoa.

"Nilikuwa na chupa mfukoni," alisema. "Nikampa. Ungemwona ungempa hata wewe."

"Usinisemee! Ukarudi?"

"Nikarudi."

"Mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Ukala kwake?"

Vardi akainamisha kichwa.

"Miaka mitano natikisa mitungi," Ergina alisema. "Nafurahi kama mjinga, nasema mume wangu anapenda kazi ya mikono yangu."

Alipotoka na mfuko wa nguo alipita kwangu. "Ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua, mama."

"Na mumeo?"

Nikamwangalia mume wangu aliyekuwa mlangoni. Alitazama chini. Ndipo tukaelewa, mimi na Ergina kwa pamoja, kwamba wanaume wote wanaokutana mgahawani kijijini walijua. Ergina akatikisa kichwa, akashuka kwenda nyumba ya marehemu mama yake, mwisho wa kijiji.

Alikaa huko majira yote ya joto. Vardi alikwenda kubisha kila siku akarudi kila siku. Mimi nilimpelekea maharage na nyanya zilizojazwa wali, naye alinipokea, ingawa kwa miezi miwili hakumsalimu mume wangu.

Mwezi wa Agosti nilikuwa naye uani, tunachambua mboga, mtu akasimama langoni. Sikumtambua. Alikuwa amenyoa, na uso wake ulikuwa mwekundu, umechubuka.

"Ni Haridimo," alisema. "Siingii. Nimekuja kusema neno moja niondoke."

"Sema."

"Dada, sikujua kama hujui. Vardi aliniambia mafuta umeyatuma wewe. Tangu chupa ile ya kwanza. Alisema umeniombea, umenisamehe, ila huwezi kuniona. Nilikuwa najipaka kila asubuhi nikimwomba Mungu akulipe."

Kisu kilimdondoka Ergina. Akainama kukiokota.

"Na hizo ndevu umezinyoa za nini?" aliuliza.

"Sikuwa na haki nazo tena."

"Mimi sikuwa na ugomvi na ndevu zako, Haridimo. Wala sijakusamehe. Nikikusamehe utasikia kutoka mdomoni mwangu. Nenda."

Akaenda. Jioni hiyo Ergina alimruhusu Vardi kuvuka kizingiti kwa mara ya kwanza, akamwacha amesimama.

"Mafuta ungeniomba, labda ningekupa," alimwambia. "Ningekutukana wiki nzima, halafu labda ningekupa. Lakini msamaha wangu ulikwenda kumpa mtu bila kuniuliza. Ulimpa kitu changu, Vardi, kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa bado sina."

"Nilitaka apumzike," Vardi alisema. Alikuwa analia. "Nilitaka mpumzike nyote wawili."

"Hukunipumzisha. Ulinidanganya."

Alirudi nyumbani mwezi wa Novemba, kwa sababu mizeituni haingoji watu wapatane, na nusu ya miti ile ni urithi wake. Wanalala chini ya paa moja, wanakula pamoja. Kutengeneza mafuta ameacha. Vardi anajitengenezea mwenyewe; huwa anachuja kabla ya siku kutimia na ndevu zake zinanuka kama sufuria ya mchuzi.

Sharti alilompa mumewe ni moja. Vardi hakatazwi kwenda kwa Haridimo, ila uongo hautakiwi. Basi kila Alhamisi Vardi husimama mlangoni na kofia mkononi, akasema kwa sauti ambayo hata mimi naisikia, "Ergina, nashuka kwa Haridimo." Ergina husubiri mpaka gari limepinda kona, ndipo anakuja ukutani na kahawa yake, na siku hiyo huwa haongei sana.