Viuno vya Daftari la Dada

Dada yangu ni fundi cherehani, na ni muongo. Nasema hivyo nikimpenda. Mteja akisimama mbele ya kioo, dada humzungushia tepu kiunoni, akatamka "Thelathini!" na kuandika thelathini, hata kama tepu inasema arobaini. Gauni likimkaa vizuri, mteja anaenda kujisifu kwamba amepungua. Hili nalo nililijua nimechelewa.

Binti yangu yuko chuo kikuu, anasoma historia ya mwili wa binadamu: watu wa zamani walivyojiona, walivyojivika, walivyoyaonea haya matumbo yao. Nilimuuliza hiyo ni kazi gani, akacheka tu. Akayabeba madaftari ya dada ya miaka thelathini, akajifungia nayo miaka miwili. Dada alivimba kichwa, wala hakuuliza mtoto anatafuta nini humo.

Siku ya kutetea utafiti wake tulikaa viti vya nyuma. Binti akaanza kwa kujiamini: "Kwa miaka thelathini, wanawake wa mji huu hawakuongezeka kiuno hata inchi moja."

Walimu wakatazamana. Dada akanibana mkono. "Mdogo wangu, nimemponza mtoto," akaninong'oneza, akanieleza yote.

Nilipandwa na hasira, weee! "Simama useme, ama leo undugu umekwisha!"

Akasimama, akasema, jasho likimtoka. Binti yangu akajibwaga kitini. Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mnene wa heshima zake, akavua miwani. "Kwa hiyo vipimo vya kweli havipo?"

"Vipo, mama. Kitambaa hakikatwi kwa uongo. Karatasi za kukatia ninazo zote, na majina ya wateja, magunia matatu."

Binti akaruka. "Mama mkubwa! Basi nina miili miwili ya kuandika: ule waliokuwa nao na ule waliotaka kuambiwa!"

Wakampa miezi sita arekebishe. Nilipiga kigelegele humohumo, sikujali.

Mlangoni mwenyekiti akatukimbilia, akamvuta dada pembeni. "Fundi, lile gauni langu la buluu uliniambia thelathini na mbili. Ni kweli?"

Dada akamtazama kiuno, kisha akamtazama mtoto wetu, ambaye bado anahitaji saini ya mama huyo.

"Lako wewe, mama," akasema, "lilikuwa thelathini na moja."