Chupa Nilizosuuza Mara Tatu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa kanisani. Nilikuwa msichana, mpangaji wa chumba kimoja Kawangware, miaka ile ya sabini, na nilikuwa nimepata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya chanjo za ng'ombe.

Ndani ya chupa hizo walikuza seli za figo ya ndama, za kuoteshea virusi vya chanjo. Seli hula, mwanangu, kama mtoto. Chakula chao kilikuwa maji ya rangi ya waridi, yenye chumvi, sukari na majimaji ya damu ya ndama. Aliyeyatengeneza ni Mzee Amukoya wa Kibera, mtu mpole, asiyeharakishwa na yeyote akiwa mbele ya mizani.

"Suuza mara kumi na mbili, binti yangu," aliniambia. "Sabuni ikibaki, seli zinakufa."

Ijumaa moja nilikuwa na haraka ya kwenda mazoezi ya kwaya. Nikasuuza mara tatu. Ujana hudhani kisichoonekana hakipo.

Wiki iliyofuata seli zikafa, chupa baada ya chupa. Mkubwa wetu akashuku chakula. Mzee akasema tu, "Chakula changu kilikuwa sawa." Mimi nikatazama sakafu. Mzee akafutwa kazi siku hiyo hiyo, na watoto wake watano wako shuleni.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikamkuta Kibera, anasukuma mkokoteni wa maji ya kuuza. Nikalia, nikamwambia yote.

"Nilijua," akasema. "Nilitia maji safi katika chupa moja uliyoiosha, nikaitikisa, nikaona povu la sabuni."

"Mbona hukusema, Mzee?"

"Mdomo ulikuwa wako. Nilikungoja."

Kesho yake nikaenda kwa mkubwa, nikakiri. Akanisikiliza, kisha akasema nafasi ya Mzee ilishajazwa, nirudi kazini. Hata kunifukuza hakunifukuza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mzee alisukuma mkokoteni ule mpaka kifua kikamlaza. Wakamrudisha kwao Kakamega, sikumwona tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, akaumbuka mwingine. Kwa hiyo, mwanangu, ukikosea, sema kabla jina la mtu mwingine halijatajwa. Ukweli uliochelewa haumrudishi mtu kazini.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na asikupe kamwe mtu wa kumkumbuka kama ninavyomkumbuka mzee yule.